Buck Weaver alifungiwa maisha asicheze besiboli kwa kunyamaza, mwenye timu aliyenyamaza akapewa heshima. Haki gani hii?

Wakuu, jambo hili limenikaa kooni tangu Mei 2025. Leo nalitema.

Mwezi ule kamishna wa besiboli ya Marekani, Rob Manfred, aliamua kwamba waliofungiwa maisha wakishafariki wanatoka kwenye orodha. Watu wakashangilia nyota wa zamani: Joe Jackson huru, Pete Rose huru, Buck Weaver huru. Huru ya nini? Sababu aliyotoa ni kwamba mtu akifa adhabu yake imekwisha. Hakusema Weaver alionewa. Mtu kaomba arudishwe mara kadhaa, kakataliwa kila mara, kafariki 1956, halafu leo yuko kaburini ndiyo mnamfungulia mlango!

Kwa wasioijua kesi yenyewe: mwaka 1919 Chicago White Sox walicheza World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, na Cincinnati Reds, na baadhi ya wachezaji wao wakaiuza fainali kwa wacheza kamari. Mrushaji wao, Eddie Cicotte, alikuta dola 10,000 chini ya mto hotelini. Oktoba 1, mechi ya kwanza, mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, Morrie Rath, kasimama kwenye nafasi yake. Mpira wa pili wa Cicotte ukampiga mgongoni. Ile ndiyo ilikuwa ishara kwa wenye pesa zao kwamba dili limekubaliwa. White Sox wakafungwa mechi 5 kwa 3. Hao waliokula hongo siwatetei hata kidogo. Kuna watu walilipa kiingilio kwa jasho lao kutazama mchezo ambao mshindi wake alishapangwa.

Lakini Weaver, naye mchezaji wa White Sox, hakula hata senti. Alikaa kwenye vikao, akausikia mpango, kisha akaingia uwanjani akacheza kwa nguvu zote: wastani wa kupiga mpira wa .324, ambao ni mzuri, na hakufanya kosa hata moja fainali nzima. Agosti 2, 1921 baraza la mahakama likawaachia wote walioshtakiwa. Kesho yake kamishna wa wakati huo, Landis, akawafungia wanane maisha, Weaver akiwemo, kwa hoja kwamba aliyejua na hakutoa taarifa ana hatia sawa na aliyeuza.

Sawa, tuikubali sheria hiyo. Sasa mbona ilimruka Charles Comiskey, mwenye timu? Alidokezwa fainali ikiwa bado inaendelea. Alijua, akafunika kombe mwanaharamu apite, na karibu wachezaji wote waliohusika wakaendelea kumchezea msimu wa 1920 mpaka jambo lilipofika kwa wachunguzi mwezi Septemba. Yeye alibaki na timu yake hadi alipofariki 1931, na mwaka 1939 wakamwingiza kwenye Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown. Mchezaji akinyamaza ni mhalifu, bosi akinyamaza ni mzee wa heshima!

Na wakubwa walikuwa wameshaonywa. Mwaka 1918 kocha wa Cincinnati, Christy Mathewson, alimshtaki mchezaji wake Hal Chase kwa kuuza mechi. Mapema 1919 rais wa ligi, John Heydler, akamsafisha, na New York Giants wakamsajili. Wachezaji wengine wote wanatazama. Mlitegemea wajifunze nini pale?

Wala tabia hii haikuanza na Landis. Mwaka 1877 Louisville Grays walifungiwa wachezaji wanne maisha. Jim Devlin na wenzake wawili waliuza mechi, hilo halina ubishi. Wa nne, Bill Craver, hakukutwa na ushahidi wa kuuza chochote. Aliwakatalia tu viongozi wa klabu kusoma telegramu zake. Naye akaenda na maji.

Ninachodai ni kitu kimoja: ofisi ya kamishna itamke kwa maandishi kwamba Weaver hakuuza mechi. Asamehewe kwa kuwa hakustahili ile adhabu, siyo kwa kuwa amekufa. Na kama kuna mdau humu anayeweza kumtetea Comiskey kwa hoja, aje, nitamsoma neno kwa neno.