Begi la maji la safari ya theluji: la baiskeli, la skii, au chupa ya chai?

Mgosi_Pedali (Tanga)

Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi wa tatu naenda Innsbruck, Austria, wiki tatu. Jamaa niliyekuwa namtembeza Amani na Magoroto alipokuwa huku kikazi amenialika tukapande milima ya theluji. Siyo ile ya kupandishwa na viti vya umeme. Unapanda mwenyewe saa tatu, nne, ubao wako wa kutelezea theluji umegawanywa mapande mawili kama skii na chini umebandikwa ngozi zisizoteleza. Ukifika juu unauunga unashuka nao. Ubao, viatu na vifaa vya uokoaji nitaazimwa. Begi natakiwa niende nalo, na hapo ndipo nimekwama, hasa kwenye maji.

Ninalo begi langu la baiskeli la lita 10, lina mfuko wa maji wa lita 2 na mrija. Nililiokota mitumba Tangamano kwa elfu 25 na limenifikisha Pangani na kurudi mara nyingi tu. Halafu kuna jamaa Dar anauza begi la skii la lita 30, anataka laki mbili na themanini. Mkanda wake wa bega una zipu, na mrija unapita humo ndani ukiwa umevishwa sponji. Njia ya tatu ni kuazima begi la kawaida la kupandia milima, lita 32, nitie chupa ya maji na chupa ya chai, basi.

Kwa jua letu hili mrija ni mkombozi, unakunywa huku unapiga pedali. Huko kwenye baridi je?

Mpagazi_wa_Zamani (Lushoto)

Mgosi, chukua la tatu.

Nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka kumi na moja. Usiku wa kileleni mnatoka kambi ya Barafu, mita 4,673, kwenye saa sita hivi. Wageni wengi wanakuwa na mirija. Mkikaribia Stella Point, karibu na kilele, mrija umeshakuwa kijiti, ukiupinda unalia kama muwa mkavu. Maji yapo mgongoni, unayasikia yanachezacheza kila hatua, na tone hulipati. Kuna mama mmoja alikaa kwenye jiwe akalia, siyo kwa kuchoka, kwa kiu, na lita mbili kazibeba mwenyewe. Nilimpa chupa yangu.

Mimi nabeba chupa ngumu ya mdomo mpana. Naijaza maji ya moto, naivisha soksi ya sufu, naiweka kichwa chini. Barafu huanzia juu ya maji, kwa hiyo ukiipindua inaganda upande wa kitako na mdomo unabaki wazi. Haijawahi kunitupa hadi mita 5,895.

Barabara_ya_20

Mzee wangu nakuheshimu, ila mrija tusiuzike mapema. Hiki kitu kilianza na mwendesha baiskeli. Mwaka 1989 huko Texas, Michael Eidson, mtu wa huduma ya dharura, alijaza maji kwenye mfuko wa dripu, akautia ndani ya soksi ndefu, akaushonea mgongoni kwa ajili ya mashindano ya baiskeli kwenye joto kali. Ndiyo CamelBak, begi la maji lenye mrija, ikazaliwa. Shida iliyotatuliwa ni kwamba mtu haachi kunywa kwa sababu hana kiu, anaacha kwa uvivu wa kusimama. Kupanda mlima saa nne ni hivyo hivyo. Chupa ikiwa ndani ya begi utaahirisha mpaka kichwa kiume.

Na kuhusu kuganda, si atie chumvi? Maji ya bahari hayagandi upesi.

Dada_wa_Chumbageni (Tromsø)

Shikamoo Mpagazi. Hamjambo wengine.

Nimezaliwa Chumbageni, nipo Norway mwaka wa kumi na nne, na kila majira ya baridi nipo mlimani na skii. Chumvi tuiache kabisa. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa lita, na pamoja na chumvi yote hiyo yanaganda kwenye nyuzi 2 tu chini ya sifuri. Chumvi itakayozuia mrija kuganda kwenye nyuzi 10 haisemeki, hainyweki.

Kinachoganda siyo mfuko. Lita mbili zilizolala mgongoni kwako zinapata joto la mwili, zinakaa siku nzima. Kinachoganda ni ule uzi mwembamba wa maji uliosimama kwenye mrija, na kabla ya huo ni kinyonyeo, pale unapouma. Kwa hiyo dawa ni kutoacha maji kwenye mrija. Ukishakunywa, inua kinyonyeo juu ya bega na upulize, pumzi ndefu, mpaka usikie maji yanabwabwaja kwenye mfuko. Kisha funga zipu, au ingiza kinyonyeo ndani ya koti kifuani. Kila unapokunywa, bila kuruka hata mara moja. Wageni wa Mpagazi walikuwa wanakunywa na kuuachilia mrija ukining'inia, nina hakika. Mkanda wenye sponji ni mzuri, lakini sponji inachelewesha tu baridi, haileti joto. Asiyepuliza ataganda hata na begi la bei mbaya.

Sasa Mgosi, maji siyo swali la kwanza la begi la theluji. Swali la kwanza ni koleo. Huko mnakokwenda kuna maporomoko ya theluji, na mwenzako akifukiwa, dakika 10 hadi 15 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa. Begi linatakiwa liwe na mfuko wake wa nje wa koleo la chuma na fito ya kuchomea kutafuta mtu, unaofunguka kwa mkupuo mmoja, haujachanganywa na nguo wala maji. Kile kifaa cha kutuma ishara ili upatikane ukifukiwa kinavaliwa mwilini, hakiwekwi begini. Ongeza koti la manyoya, glavu za pili, miwani, chakula, ngozi zenyewe unapozibandua, dawa. Lita 10 hazitoshi, hata ukishindilia. Na begi la baiskeli halina mikanda ya kufungia ubao pale mnapopanda kwa miguu kwenye mwamba au barafu ngumu.

Begi la lita 32 lina nafasi, lakini nalo halina mfuko wa koleo. Na wewe unashuka kwa ubao, utaanguka chali mara nyingi siku za mwanzo. Chupa ya chuma ikiwa imelala kwenye uti wa mgongo, utajuta. Chupa ya chai iwe upande wa nje, katikati kuwe na koti.

Mimi nabeba vyote viwili: mfuko lita moja na nusu, chupa ya chai nusu lita. Chai ya tangawizi juu ya kilele kwenye upepo, hakuna kinachoifikia.

Mpagazi_wa_Zamani (Lushoto)

Dada marahaba. Nimekuelewa. Hilo la kupuliza tunawaambia, sikuwahi kuona mtu akilishika usiku mzima. Mita elfu tano pumzi yenyewe ya kupuliza inauma. Innsbruck hawatakuwa juu hivyo. Basi nakubali mrija, lakini chupa asiiache.

Bi_Nesi

Kwenye baridi kiu inapungua na jasho hulioni, linakauka ndani ya nguo. Kwa hiyo usingoje kiu, kunywa kidogo kidogo. Na usile theluji, inakula joto la mwili wako kuiyeyusha.

Mfuko utie maji matupu. Juisi ya ukwaju au maji ya sukari vinaota ukungu mweusi ndani ya mrija ambao hata brashi haiufikii. Ukirudi, suuza kwa maji ya vuguvugu na ndimu, tundika ukiwa wazi. Maji ya kuchemka yaache kwa chupa. Mifuko mingi haikutengenezwa kwa moto huo.

Fundi_Ngamiani

Mimi nashona mabegi, theluji sijaikanyaga. Lakini Mgosi, kabla hujalipa hilo la Dar, mwambie akupigie picha tatu: mshono wa mkanda wa bega upande wa ndani, meno ya zipu ya ule mkanda, na pale mikanda ya kubebea ubao inapoingia kwenye kitambaa. Begi hufia hapo. Zipu iwe ya meno makubwa, uifungie vikamba virefu uvishike ukiwa na glavu. Kama sponji ya mrija imechoka, niletee. Nina vipande vya nguo ya mpira ya wapiga mbizi, nakushonea soksi ya mrija kwa elfu nane.

Barabara_ya_20

Na yale mabegi yenye puto linalojaa upepo ukifukiwa?

Dada_wa_Chumbageni (Tromsø)

Puto linajaa kabla hujafukiwa, unavuta mpini theluji inapoanza kukuchukua, nalo linakusaidia ubaki juu. Ni kitu kizuri, ila ni kizito na ghali, na yale ya mtungi wa gesi lazima uongee na shirika la ndege kwanza. Ukipata la kuazima, angalia mpini uko bega gani na mrija upitishe bega la pili. Usije ukashika mrija siku unayotafuta mpini.

Mgosi_Pedali (Tanga)

Wakuu, nimefanya jaribio. Jana nimekwenda kwa jamaa wa samaki Deep Sea, akanipa kona ya friza lake kubwa. Nimeweka mirija mitatu ya aina moja: mmoja umejaa maji bila soksi, mmoja umejaa na umevishwa soksi ya Fundi, mmoja nimeupuliza ukabaki na hewa. Tukakaa nje tunakunywa kahawa.

Baada ya nusu saa ule usio na soksi ulikuwa mgumu kama alivyosema Mpagazi, nimeupinda nikausikia mwenyewe. Wa soksi ulikuwa rojo la barafu, unanyonya kwa nguvu unapata kidogo. Nilioupuliza ulikuwa mweupe na mkavu, ila tone moja limeganda kwenye kinyonyeo. Nimeliuma, likavunjika, hewa ikapita.

Jamaa wa Dar ametuma picha, mshono wa bega ni mzima na mfuko wa koleo upo. Namlipa Jumatatu. La baiskeli linabaki na kazi yake ya Pangani.

Dada_wa_Chumbageni (Tromsø)

Hilo tone ndilo linalokwenda ndani ya koti. Kila siku asubuhi, kabla hamjatoka, msome taarifa ya maporomoko ya siku hiyo. Hatari inapangwa kuanzia 1 hadi 5, na mwenyeji wako akisema leo hatutoki, usimshawishi.

Fundi_Ngamiani

Likifika lilete kabla hujasafiri, nipime urefu wa mrija likiwa mgongoni kwako na koti zito juu. Watu hukata mfupi wakiwa na fulana.