Logi za akaivu za Oracle zinajaza diski: niongeze SSD kwenye SAN au ninunue NAS?

Mtunza_Data:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla bajeti haijafungwa Ijumaa. Nasimamia seva ya Oracle (programu ya kanzidata, yaani hifadhidata) kwenye SACCOS moja hapa Dar. Sehemu ya logi za akaivu (nakala za kumbukumbu za mabadiliko ya data, zinazotunzwa ili kurejesha mfumo ukiharibika) inajaa mara kwa mara, ikijaa mfumo unaganda na wanachama wanabaki wamesimama kaunta. Bosi amekubali kutoa fedha. Nina profoma mbili mezani: moja ya kuongeza SSD kwenye SAN tuliyonayo (sanduku la diski lililounganishwa na seva kwa mtandao wake maalumu), nyingine ya NAS (hifadhi ya mafaili kwenye mtandao wa kawaida) ya diski nne ambayo nitaiunganisha kwa NFS (njia ya kutumia mafaili kupitia mtandao) na kuelekeza logi zote huko. Bei hazipishani sana. Kuna jamaa pia ananiambia nipeleke kwenye wingu. Nichukue ipi? Nawasilisha.

Kipanga_01:
SAN. Usihangaike na NFS.

Mzee_wa_RMAN:
Kipanga, umejuaje ni SAN na yeye hajasema chochote? Mtunza_Data, tupe maelezo mkuu. Oracle toleo gani? Kwa siku unazalisha GB ngapi? Eneo la logi lina ukubwa gani? Bekapu ya logi inakwenda saa ngapi, na ikishachukua inafuta au inaziacha? Una standbai (kanzidata ya akiba inayofuata ile kuu)?

Mtunza_Data:
Samahani wakuu. Ni 19c, Standard Edition 2, kanzidata ina kama 400GB. Standbai hakuna. Eneo la logi (FRA) nimelitengea 100GB. Bekapu inakwenda saa nane usiku, mara moja kwa siku. Logi ni kama 18GB kwa siku.

Mzee_wa_RMAN:
Hiyo 18GB umeipataje?

Mtunza_Data:
Nilihesabu mafaili ya Jumanne iliyopita nikazidisha kwa 200MB, ukubwa wa logi za redo (ambako mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kunakiliwa akaivu).

Mzee_wa_RMAN:
Njia hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, faili la akaivu si lazima lifikie ukubwa wa logi ya redo. Logi ikigeuzwa (Oracle ikihamia logi nyingine) kabla haijajaa, Oracle inanakili sehemu iliyotumika tu, kwa hiyo kuzidisha kunakupa namba kubwa kuliko ukweli. Pili, na hii ndiyo inayouma, Jumanne moja haikuambii kitu kuhusu SACCOS. Endesha hii:

select trunc(completion_time) siku, round(sum(blocks*block_size)/1024/1024/1024,1) gb
from v$archived_log where dest_id=1
group by trunc(completion_time) order by 1;

Usiondoe hiyo dest_id (namba ya mahali logi zinapopelekwa). Mtu mwenye sehemu mbili za kupeleka logi akiiondoa, kila logi inahesabiwa mara mbili. Angalia pia CONTROL_FILE_RECORD_KEEP_TIME (muda wa kutunza rekodi hizi), kwa kawaida ni siku 7, kwa hiyo kumbukumbu za nyuma zinaweza kuwa zimeshafutwa kwa kuandikiwa mpya juu yake. Kama hupati mwezi mzima, anza leo kuhifadhi matokeo kwenye jedwali lako mwenyewe kila usiku.

Pwani_Postgres:
Kwa nini SACCOS inalipia Oracle? Hamieni PostgreSQL (kanzidata ya bure), fedha ya leseni inunue hizo diski zote.

Kipanga_01:
Sasa mtu anauliza diski unamwambia ahame nyumba. Na Postgres nayo inajaza vilevile. Sloti ya replikesheni (alama inayotunza logi mpaka seva ya nakala izisome) ikibaki bila mteja, pg_wal (folda ya logi zake) inakua mpaka diski inaisha.

Pwani_Postgres:
Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, unaweka kikomo na sloti iliyochelewa inaachwa nyuma. Tatizo hilo lina dawa.

Kipanga_01:
Kikomo chenyewe kwa kawaida hakijawekwa. Na ukiweka archive_timeout (muda wa kulazimisha logi igeuzwe) ya dakika moja kwenye mfumo wenye shughuli ndogondogo, kila segimenti (faili la logi) ni 16MB hata kama ndani kuna data kidogo. Mara 1,440 kwa siku, ni zaidi ya 22GB za karibu hewa tupu.

Pwani_Postgres:
Hewa tupu inabanika. Ukibana kwenye archive_command (amri ya kunakili logi) haichukui nafasi yoyote ya maana.

mamaTEHAMA:
Ndugu zangu, fungueni uzi wenu wa Postgres. Huyu ana Ijumaa.

Mtunza_Data:
Mzee, nimeendesha. Bahati nzuri mwezi mzima upo. Siku za kawaida ni 14 hadi 17GB. Siku ya kufunga mwezi ni 95GB, na siku inayofuata 60GB. Sikutegemea kabisa.

Mzee_wa_RMAN:
Hapo sasa tunaongea. Wastani wa mwezi hauna kazi kwenye hesabu ya nafasi. Chukua siku zako mbaya zinazofuatana, kisha jiulize bekapu inaweza kushindwa kwa muda gani kabla mtu hajagundua. Ukisema siku tatu, ni 95 + 60 + 17, jumla 172GB. Ongeza nusu yake kwa sababu SACCOS inakua, unafika karibu 260GB. Wewe una 100GB, na siku ya kufunga mwezi peke yake inakula 95. Ndiyo maana mnaganda.

Na hizo 95GB naamini nyingi zinatoka ndani ya saa chache za jioni. Ukitoa 60GB kwa saa nne, ni 15GB kwa saa, yaani logi ya 200MB inageuzwa mara 75 kwa saa. Angalia alert log (faili la matukio la Oracle), sitashangaa ukikuta "checkpoint not complete" (Oracle inangoja data iandikwe diskini kabla ya kutumia logi tena) imejaa. Ongeza logi za redo zifike hata 4GB kila moja, zigeuzwe mara tatu nne kwa saa. Haitapunguza jumla ya GB, ila mfumo utapumua.

mamaTEHAMA:
Mimi nataka kuzungumzia hiyo "bekapu inaweza kushindwa kwa muda gani", kwa sababu watu wanaichukulia kwa wepesi.

Pasaka ya 2024 iliangukia 31 Machi. Ijumaa Kuu tarehe 29, Jumatatu ya Pasaka 1 Aprili: mapumziko marefu na kufunga mwezi kwa pamoja. Kampuni moja ya usambazaji, sitaitaja, nilikuwa nawasaidia kwa mkataba. Alhamisi bekapu ilikwenda vizuri. Ijumaa nywila ya kule bekapu inakohifadhiwa ikaisha muda, RMAN (programu ya bekapu ya Oracle) ikaanza kushindwa, na barua pepe ya tahadhari ilikuwa inakwenda kwa mtu aliyeshaacha kazi. Logi zikarundikana. Jumamosi usiku FRA ikajaa, kila programu ikarudisha ORA-00257 (kosa la kushindwa kuakaivu logi).

Fundi wa zamu akaingia kwenye folda na kufuta mafaili ya zamani kwa rm (amri ya mfumo ya kufuta). df (amri ya kupima nafasi ya diski) ikaonyesha nafasi ipo, Oracle ikaendelea kukataa. Bila shaka ilikataa, maana matumizi ya FRA inayahesabu yenyewe kwa rekodi zake za ndani, haitazami folda. Akafuta zaidi. Bado. Ndipo mtu akamwambia kwa simu aendeshe CROSSCHECK ARCHIVELOG ALL halafu DELETE EXPIRED (RMAN ikague mafaili yapi yapo, kisha iondoe rekodi za yasiyopo). Mfumo ukarudi, watu wakashukuru, wakalala. Hakuna aliyeuliza mafaili yaliyofutwa yalikuwa na bekapu au la, na hakuna aliyechukua bekapu kamili baada ya pale.

Wiki hiyohiyo kidhibiti cha diski kikafa. Tulirejesha bekapu ya Alhamisi, tukaanza kupitisha logi, ikafika kwenye logi ya kwanza iliyofutwa ikasimama. Logi zilizobaki mbele yake zilikuwepo, nzima kabisa, na hazikuwa na faida yoyote, kwa sababu huwezi kuruka namba moja katikati. Kuanzia pale mpaka siku ya ajali wahasibu waliingiza upya kutoka kwenye risiti za karatasi. Niliwaona wanalia.

Kwa hiyo Mtunza_Data, kabla ya kununua chochote: FRA ikijaa na diski bado ina nafasi, ongeza DB_RECOVERY_FILE_DEST_SIZE (kikomo cha FRA), inafanyika mfumo ukiwa unaendelea. Kama diski haina nafasi, chukua bekapu ya logi kwenda kwingine kwa BACKUP ARCHIVELOG ALL DELETE INPUT (inazifuta baada ya kuzinakili). rm isiguswe.

Mtunza_Data:
Dada, hii imeniogopesha. Nimeangalia tahadhari zetu, zinakwenda kwenye anwani ya idara ambayo sijui nani anaisoma. Nabadilisha kesho asubuhi.

Nai_Sysadmin:
Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Nairobi. Hapo kwa NAS kuna kitu hamjasema. Ukifanya NAS iwe ndiyo mahali pekee pa logi, siku swichi ya mtandao ikizima, Oracle haina pa kuandika. Logi za redo zikijaa zote, hifadhidata inasimama, tena na NFS iliyopachikwa kwa "hard" mchakato wa kuakaivu unakwama tu ukingoja. Weka logi kwa diski ya karibu, halafu RMAN ipeleke kwa NAS kila saa.

Kipanga_01:
Ndiyo nilichosema. SAN.

Nai_Sysadmin:
Hujasema hivyo. Ukiwa na SAN peke yake, data na logi ziko kwenye sanduku moja. Likiungua, umepoteza vyote.

Kipanga_01:
SAN ina vidhibiti viwili na RAID 10 (data inanakiliwa kwenye diski pacha). Na hiyo NAS ya diski nne atafunga RAID 5 (inavumilia diski moja tu kufa), diski moja ikifa, siku ya kuijenga upya nyingine inafuata.

mamaTEHAMA:
Soma hadithi yangu tena. Na RAID haimzuii mtu mwenye rm.

Pwani_Postgres:
Wingu je? Hakuna aliyeligusa.

Mzee_wa_RMAN:
Apige hesabu ya laini. Laini ya kupandisha ya 10Mbps ikitumika yote, bila mtu mwingine kuigusa, inapandisha kama 108GB kwa siku. Siku ya 95GB itaimaliza karibu nzima. Akibana bekapu kwa RMAN inapungua, na kiwango cha BASIC hakihitaji leseni ya Advanced Compression (nyongeza ya kulipia). Lakini kuna taarifa za wanachama humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, kwa hiyo mwanasheria wao aulizwe kwanza.

Mimi swali langu ni lingine. Kwa nini kanzidata ya 400GB inazalisha 95GB kwa siku moja? Hiyo kazi ya kufunga mwezi inafanya nini?

Mtunza_Data:
Nimemuuliza aliyeandika mfumo. Anasema jedwali la ripoti linafutwa lote kwa DELETE na kujazwa upya, kwa kila tawi, na lina indeksi tisa.

Mzee_wa_RMAN:
Ndiyo hiyo! Kila safu inayofutwa inaandikwa kwenye undo (kumbukumbu ya kurudisha mabadiliko), na undo yenyewe inaandikwa kwenye redo. Kisha indeksi tisa, kila moja na yake. Halafu kujaza upya, mchezo uleule. TRUNCATE (kumwaga jedwali lote kwa mkupuo) ingeandika kidogo sana. Kama ni jedwali la kupitia tu, liwe global temporary (jedwali la muda). Indeksi zijengwe mwishoni.

Nai_Sysadmin:
Au NOLOGGING (kuingiza data karibu bila kuandika redo).

mamaTEHAMA:
NOLOGGING bila standbai sawa, ila kilichoingizwa hivyo hakirejesheki kwa logi mpaka uchukue bekapu mpya. Kwa jedwali la ripoti linaloweza kuzalishwa upya, sina pingamizi. Kwa lingine lolote, hapana.

Mtunza_Data:
Aliyeandika anasema kubadilisha kutachukua muda, lazima ipimwe. TRUNCATE inamwogopesha kwa sababu hawezi kuirudisha kwa ROLLBACK. Bosi anataka jibu Ijumaa. Nimemwomba mwenye duka aniandikie profoma ya tatu: SSD chache kwenye SAN na NAS ndogo.

Kipanga_01:
Bei itapanda.

Nai_Sysadmin:
Chukua hiyo ya tatu. Na NAS iwe na UPS yake.

Mzee_wa_RMAN:
Mimi ningeomba bosi asogeze tarehe mpaka uone mwezi mmoja baada ya marekebisho.

Juma_Binlog:
Wakuu samahani kuingilia, mimi niko MySQL 8 (kanzidata nyingine) na binlog (logi zake za mabadiliko) zimejaza diski. Nizifute?

mamaTEHAMA:
Usizifute kwa mkono. Tumia PURGE BINARY LOGS, na kama una replika hakikisha imeshazisoma. Muda wa kawaida wa kuzitunza ni sekunde 2,592,000, yaani siku 30, unaupunguza kwa binlog_expire_logs_seconds. Unazalisha GB ngapi kwa siku?