Njia za vumbi kando ya Ruvu, Bagamoyo: tairi gani?

Pedeli_Mjini: Wakuu, salaam. Nina baiskeli ya gia ya mtumba, tairi za lami, milimita 28. Nataka nitoke Bagamoyo mjini hadi mashamba ya mpunga ya bonde la Ruvu. Zitafaa? Mwezi wa nne kunapitika?

Babu_Kaole: Mwezi wa nne kaa nyumbani, mjukuu wangu. Masika mto unafurika, na ule udongo mweusi unajaa kwenye uma mpaka gurudumu linagoma, utaibeba wewe. Ngoja Julai. Barabara ya Msata ni lami, vumbi linaanza ukichepuka.

Weka 40 kama zinaingia, upunguze upepo kidogo. Beba tyubu mbili, maana mbigili hazina adabu. Tambarare nayo inachosha, usidanganyike: hakuna mteremko wa kupumzikia, na upepo wa kusi unaokusukuma asubuhi ndio utakaokukaba wakati wa kurudi.

Kwenye matuta ya mifereji omba ruhusa. Mpunga ukikomaa kuna waamia ndege, piga kengele kwa nguvu, kombeo halichagui. Jioni ondoka mtoni mapema, viboko hutoka kula giza likiingia.

Mkonge_Tanga: Huku kwetu tunapita katikati ya mkonge. Kivuli hakuna kabisa, beba maji.

Pedeli_Mjini: Shikamoo babu. Uma wangu mwisho 35.

Babu_Kaole: Marahaba. 35 zinatosha kiangazi. Kengele unayo?