Mtoto anaingia Montgomery Blair: ilikotoka shule, masomo na maisha ya wanafunzi

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Mwanangu wa kiume, aliyemaliza Kidato cha Pili nyumbani Tanzania, anatarajiwa kuungana nami hapa Maryland kabla ya mwaka wa masomo kuanza. Nyumba niliyopanga Silver Spring iko katika eneo la Montgomery Blair High School. Wapo wanaonisifia kwamba ni shule ya vipaji, na wapo wanaonionya kwamba ni kubwa mno, mtoto mgeni hupotea humo. Naomba anayeifahamu anieleze historia yake, masomo yanavyopangwa, na nini nikifanye mapema. Natanguliza shukrani.

*

Dada yangu, karibu sana Silver Spring, na hongera kwa kumpata kijana. Wanangu wamesoma Blair, hivyo nakujibu kama mzazi mwenzako. Maoni yote mawili uliyoyasikia yana ukweli, na ukiifahamu historia ya shule hiyo utaona kwamba yanatoka katika chanzo kimoja.

Shule ilifunguliwa mwaka 1925 kwa jina la Takoma-Silver Spring High School, wakati vitongoji vilivyo kaskazini mwa jiji la Washington vilipokuwa vinakua kwa kasi. Mwaka 1935 ilihamia Wayne Avenue, karibu na kijito cha Sligo, ikapewa jina la Montgomery Blair, mwanasheria aliyemwakilisha Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani katika shauri lililoamuliwa mwaka 1857, na ambaye baadaye alikuwa waziri wa posta katika serikali ya Abraham Lincoln. Inauma kukumbuka kwamba shule yenye jina hilo haikupokea watoto weusi kwa miaka mingi, kwa kuwa shule za Maryland zilitenganishwa kwa rangi. Kaunti ya Montgomery haikuwa hata na sekondari moja ya watoto weusi hadi mwaka 1927, ilipofunguliwa ya kwanza kule Rockville. Kabla ya hapo, mzazi mweusi aliyetaka mwanawe aendelee na masomo alilazimika kumtafutia nafasi nje ya kaunti. Utengano huo ulianza kuondolewa mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya Mahakama Kuu kutoa uamuzi wake katika shauri la Brown, uliotangaza kwamba kuwatenganisha wanafunzi wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha katiba.

Miaka iliyofuata, wakazi wa eneo hilo walibadilika. Familia nyingi za wazungu zilisogea mbali zaidi na jiji, na nafasi zao zikachukuliwa na Wamarekani weusi pamoja na wahamiaji kutoka Amerika ya Kati, Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika, wakiwemo Waethiopia wengi. Kaunti ilihofia kwamba Blair ingekuwa shule iliyotengwa upya, safari hii bila sheria yoyote kuamuru hivyo. Mwaka 1985, ili kuwavuta wanafunzi wa sehemu nyingine kwa hiari yao, ilianzishwa ndani ya Blair programu maalumu ya sayansi, hisabati na kompyuta, ambayo mwanafunzi huiomba akiwa darasa la nane, mwaka wa mwisho kabla ya kuingia high school, na kuingia kwa ushindani. Baadaye ikaongezwa programu ya sanaa za mawasiliano. Sifa za Blair katika mashindano ya kitaifa ya sayansi na hisabati zimejengwa kwa sehemu kubwa na programu hiyo ya kwanza.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Ndani ya jengo moja lenye wanafunzi zaidi ya 3,000 kuna shule kadhaa, na mtoto anaweza kukaa humo miaka mitatu asijue wenzake wa ukumbi wa pili wanasoma nini. Mwanao atafika akiwa amechelewa kuomba programu ya darasa la nane, lakini usikubali kuambiwa kwamba kwa sababu hiyo masomo mazuri yamempita. Masomo ya ngazi ya juu, yakiwemo yale ya AP ambayo mtihani wake unaweza kumpatia mwanafunzi krediti (yaani hesabu ya masomo aliyoyakamilisha) za chuo kikuu, yako wazi kwa wanafunzi wa kawaida wa shule. Hapa mwanafunzi hapangiwi mkondo mmoja wa masomo yote kama kule kwetu. Kila somo lina ngazi yake, hivyo anaweza kusoma hisabati ya juu kabisa huku Kiingereza akiwa bado anajengewa msingi. Anayesimamia mpangilio huo ni mshauri wa wanafunzi. Kila mshauri ana wanafunzi wengi mno, kwa hiyo mwandikie barua pepe, omba miadi, na uende na daftari la hisabati la kijana. Mimi nimeshuhudia daftari la mazoezi likibadilisha uamuzi ambao ripoti ya shule peke yake haikuubadilisha, kwa sababu mwalimu aliyefungua kurasa zile aliona mtoto amekwisha kufika wapi katika aljebra.

Huenda kijana akapimwa Kiingereza na kupangiwa masomo ya wanaojifunza lugha. Usione aibu, na usiyakatae kwa haraka. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika shauri la Lau dhidi ya Nichols la mwaka 1974, shule za umma zina wajibu wa kumsaidia mwanafunzi asiyemudu Kiingereza ili apate elimu sawa na wenzake, na msaada huo haupaswi kuwa kisingizio cha kumfungia somo jingine analoliweza.

Kuhusu uandikishaji, anza na ofisi ya kaunti inayopokea wanafunzi wanaotoka nchi za nje, kabla ya kwenda shuleni. Watahitaji uthibitisho wa umri wa mtoto, uthibitisho kwamba unaishi ndani ya kaunti, kwa mfano mkataba wa pango, pamoja na rekodi za chanjo na matokeo yake ya shule. Haki ya mtoto kusoma katika shule ya umma haitegemei hali ya uhamiaji ya familia. Mahakama Kuu iliamua hivyo katika shauri la Plyler dhidi ya Doe mwaka 1982. Nalitaja hili waziwazi kwa sababu nawajua wazazi wetu waliowaweka watoto nyumbani miezi kadhaa kwa hofu isiyo na msingi.

Ili ahitimu, kijana atahitaji krediti 22. Omba masomo aliyoyafaulu nyumbani yatathminiwe na kuhesabiwa, ila fahamu kwamba historia ya Marekani na somo la serikali hayakwepeki, hata awe amesoma historia kwa kiwango gani. Vilevile Maryland inamtaka kila mwanafunzi atoe saa 75 za huduma kwa jamii. Anayehamia kutoka nje ya jimbo hupunguziwa kulingana na darasa aliloingilia. Saa hizo azianze mapema, kwa sababu msimu wa kuomba vyuo ukifika kila jioni ina kazi yake.

Maisha ya kila siku ni ya asubuhi sana: masomo huanza saa 1:45 na kuisha saa 8:30 mchana. Basi la njano huwachukua wanafunzi wa sekondari wanaoishi zaidi ya maili mbili kutoka shuleni. Wa karibu zaidi hutembea, na jengo la sasa, lililofunguliwa mwaka 1998, liko penye makutano ya University Boulevard na Colesville Road, barabara mbili zenye magari mengi. Tembea naye njia hiyo kabla ya siku ya kwanza, na mwoneshe mahali pa kuvukia. Ndani, ukumbi mkuu wanafunzi huuita Blair Boulevard, na wakati wa chakula utawaona wameketi sakafuni makundi kwa makundi, vyakula mapajani. Siku za mwanzo mtoto mgeni huona ugumu hapo kuliko darasani, maana darasani amepangiwa kiti.

*

Ndugu zangu, naomba kumuunga mkono kaka na kuongeza mawili.

Kwanza, chanjo. Ya tetekuwanga na ya homa ya uti wa mgongo, watoto wengi wa nyumbani hawakuzipata, na hapa zinadaiwa kwa mwanafunzi wa umri huo. Dada, ulizia zahanati mara atakapotua, kwa maana baadhi hutolewa kwa dozi mbili zenye wiki kadhaa katikati.

Pili, huo ukumbi. Dawa yake ni klabu au timu, na achague katika wiki za kwanza. Binti yangu alijiunga na gazeti la wanafunzi, Silver Chips, ambalo Carl Bernstein, mmoja wa waandishi wawili wa Washington Post waliofichua kashfa ya Watergate iliyomfanya Rais Nixon ajiuzulu, alilifanyia kazi alipokuwa mwanafunzi wa Blair. Siku za kufunga toleo walibaki shuleni hadi jioni, wakibishana juu ya kichwa cha habari na kupima picha ikae wapi, na Kiingereza alichojifunza mezani pale, akisahihishwa na wenzake sentensi kwa sentensi, kilizidi cha darasani. Kama kijana wako anapenda mpira wa miguu, majaribio ya timu hufanyika Agosti, kabla ya masomo kuanza, na hawezi kushiriki bila fomu ya daktari. Dada, tuandikie tarehe ya ndege yake, nami nitakutumia orodha ya zahanati zinazotoa chanjo na fomu hiyo kwa siku moja.