Naomba ushauri: chakula laini cha kupangwa tabaka na kuokwa kwa mkaa, watu saba, bajeti ndogo (Kigoma)

MamaMwanga

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na nyumbani kwangu tuko watu saba: mimi, mume wangu, watoto wanne, pamoja na mama mkwe aliyekuja kukaa nasi akitokea Kasulu baada ya kuugua. Mama amebakiwa na meno machache, na tangu atoke hospitali hamu yake ya kula imepungua sana. Maharage yenye maganda magumu yanamsumbua, dagaa wa kukaanga wanamchoma fizi, na uji amekwisha kuuchoka. Ninatamani kumpikia chakula laini, cha moto, chenye harufu ya kumwita mezani, ambacho watoto pia watakifurahia wanaporudi na njaa jioni za masika, kwa sababu siwezi kupika vyungu viwili huku kazi za cherehani zikinisubiri.

Nilikumbuka chakula kinachoitwa kaseroli, ambacho nilikila zamani nilipokuwa nikisaidia jikoni katika nyumba ya wageni: viazi, nyama na mchuzi mzito vimepangwa tabaka kwa tabaka katika chombo kimoja, kisha vikaokwa mpaka juu pakawa na rangi ya dhahabu. Sina oveni. Nina jiko la mkaa, sufuria moja nzito na mtungi mdogo wa gesi ninaoutunza kwa ajili ya chai ya alfajiri.

Jumapili nilijaribu. Nilikata viazi mviringo vibichi, nikavipanga pamoja na vitunguu na nyanya nyingi, nikamimina nusu lita ya maziwa, nikafunika na kuweka makaa chini na machache juu. Baada ya saa moja na robo chini palikuwa pameungua, juu palikuwa na maji, maziwa yalikuwa yamekatika vipande vipande, na viazi vya katikati vilikuwa bado vigumu. Mama alikula vijiko vitatu kwa heshima, akaniambia, "Kimeiva, mwanangu," nami nikajua kabisa kwamba hakijaiva. Iliniuma, maana fedha ya maziwa yale nilikuwa nimeitoa kwenye fungu la mboga la siku mbili.

Naomba mnieleze nilikosea wapi, namna ya kupanga moto, na viungo vya hapa kwetu vinavyofaa chakula cha aina hiyo bila kuzidi shilingi 8,000 kwa mlo mmoja.

BibiWaUjiji

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kosa lako la kwanza ni kuingiza vitu vibichi ndani ya sufuria ya kuokea. Kwa moto wetu wa mkaa, kila tabaka linapaswa kuwa limeiva kabla halijapangwa, ili kazi ya makaa ibaki kuunganisha ladha, kukausha maji yaliyozidi na kupaka rangi juu. Ukishika jambo hilo moja, kuoka kutachukua nusu saa badala ya saa moja na robo, na mkaa utapungua nusu.

Viazi viache kwa sasa. Tumia muhogo, ambao uko sokoni kila siku na haukugharimu sana. Chukua muhogo mtamu kama kilo mbili, umenye, upasue katikati na uutoe ule mzizi mgumu kama uzi, kisha uchemshe kwa maji mengi yenye chumvi, sufuria ikiwa wazi, mpaka uanze kupasuka wenyewe. Mwaga maji yote. Uponde ungali wa moto, kwa sababu ukipoa unashikana na kuwa na mabonge, na uongeze kikombe kimoja cha maziwa ya moto au tui, kidogo kidogo, hadi uwe laini kama uji mzito uliokataa kumwagika.

Kwa tabaka la katikati, chukua vikombe viwili vya dagaa wetu wakavu. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, uwakaushe kwenye kikaango kikavu mpaka wanukie, kisha, kwa ajili ya mama, watwange kidogo kwenye kinu ili miiba na vichwa visimsumbue. Usiwatwange mpaka wawe unga, maana mdomo wa mtu mzima nao unataka kukutana na kitu. Weka mawese vijiko vitatu, kaanga vitunguu viwili polepole, tia nyanya nne, karoti iliyoparuzwa na pilipili hoho, na upike mpaka nyanya zikauke na mafuta yaonekane pembeni. Hapo ndipo uwatie dagaa, ukoroge na uepue. Mchuzi ukibaki na maji, maji hayo yatapanda juu na kuharibu kila kitu, kama yalivyofanya Jumapili.

Paka sufuria mafuta, tandaza nusu ya muhogo, kisha dagaa wote, kisha muhogo uliobaki. Sawazisha kwa mgongo wa kijiko kilicholowa maji, chora mistari kwa uma ili vilima vyake vishike rangi, na upake juu yai moja lililopigwa au kijiko cha mawese.

FundiMajiko

Dada, mimi nitazungumzia moto tu, kwa kuwa bibi amekwisha kueleza upishi vizuri kuliko nitakavyoweza.

Wengi hupanga makaa kinyume. Sufuria inayookea inataka moto mwingi juu na mchache chini: gawa makaa yako mafungu matatu, mawili yapande juu ya mfuniko na moja libaki chini. Chini joto hugusa chakula moja kwa moja kupitia chuma, lakini juu lazima livuke hewa iliyo kati ya mfuniko na chakula, ndiyo maana ukiweka sawa kwa sawa chini kutaungua kabla juu hakujabadilika. Makaa ya chini yapange kwa duara, yafuate ukingo wa sufuria, na katikati uache wazi. Yakiwaka sana, yanyunyizie majivu kidogo yapoe.

Mfuniko wa kawaida wenye kishikio cha plastiki haufai kwa kupalia makaa. Tumia sinia la bati bapa lenye ukingo, au uwaombe mafundi bati wakukunjie kipande kinachotosha mdomo wa sufuria. Kama sufuria yako ni nyepesi, tafuta nyingine kubwa zaidi, weka ndani yake mchanga mkavu wa vidole viwili, upashe moto kwa robo saa, ndipo uketishe sufuria ndogo juu ya mchanga huo. Mchanga hutawanya joto na chakula hakishiki chini, ingawa utatumia mkaa zaidi kidogo. Bakuli la kioo usilithubutu juu ya makaa.

Na tafadhali, hata mvua ikinyesha, usiliingize jiko la mkaa linalowaka katika chumba kilichofungwa, hasa chumba anacholala mgonjwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Oka barazani.

MpishiWaZamu

Naongeza sababu ya maziwa kukatika, kwa maana naona haijaelezwa. Nyanya zina asidi, na asidi ikikutana na maziwa ya moto huyagandisha vipande. Asidi hiyo hiyo huchelewesha viazi kulainika, kwa hiyo hata ungeongeza nusu saa nyingine, viazi vilivyozama kwenye nyanya vingebaki vigumu. Nyanya ziive peke yake kwanza, na maziwa yakae kwenye tabaka jingine.

Ukitaka ladha uliyoikuta katika nyumba ya wageni, tengeneza sosi nyeupe. Yeyusha vijiko vitatu vya siagi au mafuta, tia vijiko vitatu vya unga wa ngano, koroga dakika mbili bila kuubadilisha rangi, kisha mimina nusu lita ya maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito. Unga hulinda maziwa yasikatike kwa urahisi. Sosi hiyo unaweza kuimwaga juu ya wali uliobaki na mboga za majani zilizokamuliwa maji, na hutahitaji jibini ambayo ni ghali.

Katika jambo moja natofautiana na bibi kwa heshima zote: yai moja lililopakwa juu halitoshi kushikanisha chakula. Mimi ningepiga mayai mawili na kuyachanganya ndani ya muhogo uliopoa kidogo, ili ukikata kipande kisimame.

BibiWaUjiji

Mpishi, mayai mawili ndani na moja juu ni matatu, na huyu binti ana shilingi 8,000. Muhogo hushikana wenyewe kwa wanga wake. Asubiri dakika kumi na tano baada ya kuepua, ataona unakatika vizuri kabisa.

MnyamweziWaIsevya

Habari za huko ziwani. Sisi wa Tabora hatuna dagaa wa bei nafuu kama ninyi, lakini tuna viazi vitamu na karanga, na nadhani mama atavipenda kwa siku ambazo hataki samaki. Chemsha viazi vitamu na maganda yake, umenye, uponde na chumvi kidogo bila maziwa. Karanga zikaange, uzitwange mpaka zitoe mafuta, uzikoroge kwa maji ya moto ziwe rojo zito, kisha utie mchicha uliochemshwa na kukamuliwa. Panga viazi, karanga na mchicha, viazi. Dakika ishirini na tano zinatosha.

Wakati wa kiangazi, viazi vibichi vinapoadimika, hutumia michembe, vile vipande vilivyokaushwa, kwa kuviloweka saa kadhaa na kuvichemsha mpaka vilainike kabisa. Matobolwa ni mepesi zaidi kwa kuwa yalichemshwa kabla ya kuanikwa. Ukipata mtu anayesafiri kwa treni, mwagize kidogo.

MamaMwanga

Shikamoo tena bibi, na asanteni nyote. Nina maswali mawili kabla sijaingia sokoni. Nitautambuaje muhogo mtamu, na je, kitakachobaki kinaweza kulala mpaka asubuhi nikiwa sina friji?

BibiWaUjiji

Marahaba. Muhogo nunua kwa muuzaji unayemfahamu, na umwambie wazi kwamba ni wa kuchemsha. Kwa macho usijiaminishe, kwani mchungu na mtamu hufanana. Ukiwa umeshaununua na una shaka, onja kipande kidogo mno kwa ncha ya ulimi kisha ukiteme, na ukihisi uchungu usiupike siku hiyo. Muhogo mchungu una sumu inayotolewa kwa kuloweka siku kadhaa na kukausha, wala haupungui ubaya kwa sababu ya kuoka.

Kulala, hapana. Samaki, maziwa na yai kwa joto la Kigoma havilali. Pika kinachokwisha, na kama kitabaki kidogo, wape majirani usiku ule ule.

MamaMwanga

Nimerudi kutoa mrejesho. Jana nilipika muhogo na dagaa kama bibi alivyoelekeza, bila mayai ya ndani, na makaa nikayapanga kama fundi alivyosema. Nilitumia shilingi 7,400 pamoja na mkaa. Dakika ya kumi nilitaka kufunua, nikajizuia. Dakika ya thelathini na tano nilipofunua, juu palikuwa pekundu kama udongo wa Kasulu na mawese yalikuwa yakichemka pembeni. Nilikata vipande kumi, na vilisimama.

Mama alikula kipande kimoja, akanyamaza, kisha akaomba cha pili na akauliza kama ukoko wa pembeni umebaki. Nilimlowekea ukoko kwenye chai akaumaliza. Tangu aje kwangu, hilo ndilo ombi lake la kwanza la chakula. Lililonishinda ni mchanga kidogo uliosikika kwenye dagaa, ingawa niliwaosha mara tatu.

BibiWaUjiji

Alhamdulillahi, mwanangu. Mchanga huo unatokana na dagaa walioanikwa chini. Ukienda mwaloni Kibirizi uliza walioanikwa juu ya vichanja. Bei yao iko juu kidogo, lakini hutapoteza maji wala muda kwa kuwaosha. Tena nunua siku za giza, taa za wavuvi zinapofanya kazi, kwa sababu mbalamwezi ikikomaa dagaa hupungua na bei hupanda. Nunua wa wiki mbili, uwaanike tena jua la siku moja, uwafunge kwenye ndoo kavu yenye mfuniko. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ndoo ya namna hiyo ndiyo iliyotulisha hapa nyumbani.