Brian Cox wa Dundee: kabla ya Logan Roy alikuwa wapi?

mtazamaji_wa_zamu:
Wakuu, nimemaliza misimu yote minne ya tamthilia ya televisheni ya Succession. Kila nikimuulizia huyu mzee aliyecheza Logan Roy naambiwa kaibuka uzeeni tu. Sikubali. Sauti ile, na namna anavyonyamaza kabla ya kutukana, si vitu vya mtu aliyeanza juzi. Anayemfahamu anisaidie: alipikwa wapi, jukwaani alifanya nini hasa, na filamu zake za zamani nianze na ipi? Halafu yule anayeeleza nyota na sayari kwenye televisheni ndiye huyuhuyu?

pazia_jekundu:
Hilo la mwisho ni rahisi. Wa nyota ni mwanafizikia, Mwingereza wa Oldham aliyezaliwa 1968. Mwigizaji ni Mskoti, kazaliwa Dundee tarehe 1 Juni 1946. Ukitafuta mtandaoni ongeza neno Dundee, vinginevyo utaletewa mashimo meusi.

kitako_cha_nyuma:
Mkuu, aliyekuambia kaibuka uzeeni alikuwa anatazama televisheni tu. Huyu ni mtu wa jukwaa aliyekuwa na tuzo mbili za Olivier, zile kubwa za maigizo ya jukwaani Uingereza, kabla ya 1990.

Dundee aliyokulia ilikuwa mji wa viwanda vya juti, nyuzi za kufumia magunia, na mama yake alifanya kazi humo. Baba alikuwa na duka dogo. Brian ndiye kitinda mimba wa watoto watano. Alipokuwa na miaka minane baba alifariki, mama akaugua akili kwa kuzidiwa, na dada zake wakabeba jukumu la kumlea. Shule hakukaa sana. Kabla ya kutimiza miaka 16 alikuwa ameshaingia Dundee Rep, ukumbi wa maigizo wa mji huo, kama kijana wa kazi: kupiga deki jukwaa, kutumwa huku na kule, kisha kupewa sehemu ndogondogo.

Hapa ndipo penye jibu la swali lako. Rep ni kundi la kudumu la waigizaji, si watu wanaokusanywa kwa mchezo mmoja kisha wakatawanyika. Mchana mnafanya mazoezi ya mchezo ujao, usiku mnacheza ule unaoendelea. Wiki hii wewe ni tarishi, mchezo ujao ni jambazi, unaofuata ni babu wa miaka themanini. Hakuna muda wa kusubiri hisia zije. Unajifunza kushika maneno haraka, kutoa sauti inayofika kiti cha mwisho bila kupiga kelele, na, kubwa zaidi, kusimama jukwaani bila kufanya lolote huku mwenzako akisema. Ule ukimya wa Logan unaousifu umetoka huko.

Ukumbi wa Rep wa wakati ule uliungua 1963. Huu wa sasa, pale Tay Square, ulifunguliwa 1982, kwa hiyo usidanganywe na picha. Mwaka huohuo wa moto Cox alikwenda London kusoma LAMDA, chuo cha maigizo, akamaliza 1965 na kurudi Uskoti moja kwa moja, kwenye kundi la kwanza kabisa la ukumbi wa Royal Lyceum, Edinburgh. Kisha Birmingham Rep, na 1967 akaonekana London kama Orlando katika As You Like It ya Shakespeare.

Miaka iliyofuata ni kazi baada ya kazi, sitaiorodhesha. Ruka mpaka 1984, mchezo wa Rat in the Skull katika ukumbi wa Royal Court: mpelelezi wa Ireland ya Kaskazini anamhoji mtuhumiwa wa IRA, kundi la wapiganaji wa Ireland. Ndiyo iliyompa Olivier ya kwanza.

Ya pili ni Titus Andronicus ya Shakespeare, na hiyo inastahili aya yake. 1987, ukumbi wa Swan, Stratford-upon-Avon, mwongozaji Deborah Warner. Mchezo huu una mikono inayokatwa, ulimi unaokatwa, na watoto wanaopikwa na kuliwa. Kinachoharibikaga kila mara ni kwamba damu ikizidi, watazamaji wanacheka mahali pasipostahili, na mchezo unakufa hapo. Waongozaji wengi hukimbilia kukata maneno. Warner hakukata. Cox naye akauchukua mzaha mapema na kuufanya wa Titus mwenyewe, kwa hiyo ukicheka, unacheka pamoja na mtu anayerukwa na akili, na kicheko kinakukwama kooni. Ukisoma tendo la tatu utaona Shakespeare alishaandika: Titus analetewa vichwa vya wanawe na anachojibu ni kicheko. Swan nayo inasaidia, maana watazamaji wamelizunguka jukwaa pande tatu na hakuna pa kujificha.

filamu_kwa_mpangilio:
Naongeza upande wa kamera, maana hapo ndipo waigizaji wa jukwaani hujikwaa. Sauti inakuwa kubwa mno, uso unafanya kazi nyingi mno. Tazama alivyoepuka.

Anza na Manhunter, 1986, ya Michael Mann. Cox ndiye mtu wa kwanza kumcheza Hannibal Lecter, daktari muuaji anayekula watu, kwenye filamu, miaka mitano kabla ya Anthony Hopkins, na humo jina limeandikwa Lecktor. Anaonekana chini ya dakika kumi. Hafokei, hakodoi macho. Anaongea kama daktari aliyechoka na maswali. Amewahi kueleza kwamba alimfikiria Peter Manuel, muuaji wa Kiskoti aliyenyongwa 1958. Kejeli ni hii: 1986 Hopkins alikuwa King Lear pale National Theatre, na 1990 Cox akawa King Lear palepale National, wakati filamu ya Hopkins kama Hannibal ikiwa mbioni kutoka. Walibadilishana mfalme na mla watu.

Baada ya hapo 1995 ana mbili za Kiskoti kwa mpigo, Rob Roy na Braveheart. Usiziweke juu. Mwaka wa kutazama ni 2002: The Rookie, The Bourne Identity, The Ring, Adaptation na 25th Hour, zote mwaka mmoja. Katika Adaptation ni mwalimu wa uandishi wa filamu na anaimeza ile sehemu ya darasani. Katika 25th Hour ni baba anayemwendesha mwanawe gerezani, na sauti yake ndiyo inayobeba mwisho wote. Kama una muda wa moja tu, chukua hiyo.

X2 na Troy zitazame ukiwa na bisi mkononi.

pazia_jekundu:
Masahihisho mawili yanayokosewa sana. Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, aliyonayo si ya Succession. Ni ya 2001 kwa kumcheza Göring, kigogo wa Wanazi, katika Nuremberg. Kwa Logan aliteuliwa mara tatu bila kushinda, ila Golden Globe alipata, Januari 2020. Na Logan hakuandikwa kuwa mtu wa Dundee tangu mwanzo. Alikuwa mzaliwa wa Quebec, waandishi wakambadilisha msimu wa kwanza ukiwa unaendelea. Ndiyo maana msimu wa pili una sehemu nzima inayoitwa Dundee.

mtazamaji_wa_zamu:
Shukrani sana wakuu. Nimesoma mahali kwamba alikuwa mkuu wa chuo kikuu. Ni kweli au wamemchanganya na yule wa fizikia?

kitako_cha_nyuma:
Ni yeye, Chuo Kikuu cha Dundee, 2010 hadi 2016, vipindi viwili vya miaka mitatu. Ila usisome kama mkuu wa chuo. Cheo chake kilikuwa rector, na kwa Waskoti rector huchaguliwa na wanafunzi na kazi yake ni kuwasemea. Mtendaji mkuu ni mtu mwingine.

Ukitaka kumsikia akieleza ufundi wenyewe, ana vitabu. The Lear Diaries ni shajara ya ule mzunguko wa National, ambapo alikuwa Lear, anayeingia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na pia Buckingham katika Richard III, huku mwigizaji Ian McKellen akiwa Kent katika Lear na Richard katika Richard III. Salem to Moscow unahusu alipokwenda kuongoza mchezo wa The Crucible na wanafunzi wa Kirusi. Putting the Rabbit in the Hat, 2021, ndio wa maisha yake yote. Humo anawasema wenzake bila kupepesa, kwa hiyo anza na shajara kwanza.