Kiitaliano: ni "in estate", "d'estate" au "nell'estate"?

Swali
Wakuu, naandika aya ya Kiitaliano kuhusu majira manne ya mwaka. Kwa "wakati wa kiangazi" nakutana na *in estate*, *d'estate* na *nell'estate*. Ipi sahihi? Na hali ya hewa, kusema "kuna joto" niandike *è caldo* au *fa caldo*?

Jibu 1
Zote tatu ni sahihi, ila kila moja ina mahali pake. *In* hukubali majira yote, bila kibainishi (kineno kama *il, la, l'*): *in primavera, in estate, in autunno, in inverno* (majira ya kuchipua, kiangazi, vuli, kipupwe). *Di* hukaa zaidi na kiangazi na kipupwe, na huonyesha jambo la kila mwaka: *d'inverno nevica* (kipupwe huanguka theluji). *Nell'* huja ukitaja msimu maalumu: *nell'estate del 2019*. Usiandike *in l'estate*. *In* na *l'* lazima ziungane kuwa *nell'*.

Jibu 2
Kabla ya vihusishi (*in, di*), shika jinsia. *Primavera* na *estate* ni za kike, *autunno* na *inverno* za kiume. Inayotega wengi ni *estate*: *l'* inaficha jinsia, na *-e* ya mwisho haikusaidii. Ndiyo maana mtu anaandika *un estate caldo*, makosa mawili kwa mpigo. Sahihi ni *un'estate calda*, kwa ritifaa (alama '), lakini *un inverno freddo* bila ritifaa. Wingi: *le estati, gli inverni*. Herufi ya kwanza ni ndogo.

Jibu 3
Hewa: *fa caldo, fa freddo, fa fresco* (kuna joto, baridi, ubaridi kidogo). *È caldo* nayo husikika, ila kwa anayeanza *fa* ni salama zaidi. Penye nomino tumia *c'è*: *c'è il sole, c'è vento, c'è nebbia* (kuna jua, upepo, ukungu). Mvua na theluji zina vitenzi vyake, *piove* na *nevica*, daima nafsi ya tatu umoja, bila kiwakilishi mbele. Ukihisi baridi wewe mwenyewe, sema *ho freddo*. *Sono freddo* humweleza mtu asiye na uchangamfu.

Muuliza swali
Asanteni. "Nguo za baridi" je?

Jibu 2
*Vestiti invernali*. *Primaverile, autunnale* na *invernale* hubadilika kwa idadi tu: *-e* umoja, *-i* wingi. *Estivo* (ya kiangazi) ndiyo yenye maumbo manne: *estivo, estiva, estivi, estive*. Kwa hiyo likizo za kiangazi ni *le vacanze estive*, lakini za kipupwe ni *le vacanze invernali*.